Jino la Kidakani

Jino lilikuwa limefungwa ndani ya pamba, pamba ikaviringishwa kwa karatasi ya peremende, na kifurushi chote kikasukumwa hadi nyuma kabisa ya kidaka cha ukutani, pale mavyaa wangu anapoweka udi na miwani yake iliyovunjika mkono. Mimi nilikuwa natafuta kiberiti. Stima ilikatika tangu magharibi, simu yangu imebakiwa na asilimia nne, na makala ambayo mhariri aliitaka kabla ya saa nne usiku bado ilikuwa kichwa bila kiwiliwili.

Ilikuwa Jumatano, katikati ya Machi 2023. Shaabani inaishia. Kaskazi imekufa na kusi haijaja, yale majuma ambayo mabaharia huyaita maleleji: tanga linaning'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani, na ndani ya nyumba za mawe za Mkomani, hapa Lamu, joto halina pa kutokea. Kitindamimba wangu, wa mwaka na nusu, nilikuwa nimembeba ubavuni kwa sababu kila nikimweka chini alilia. Kifunguamimba alikuwa anadai pesa za kuchapisha picha saibani. Mwalimu alitaka picha za vyombo vitano vya usafiri, zikiwa na rangi, kesho asubuhi. (Tangu uje huu mtaala wa umilisi, mzazi ndiye mwanafunzi. Mimi nilisoma mara moja, sasa nasoma mara ya pili.)

Nikafungua ile karatasi kwa mwanga wa simu. Jino dogo la mbele, lenye tone la damu iliyokauka.

Binti yangu wa kati, aliyekuwa na miaka saba, alikuwa ameketi mkekani na nyanyake. Nikamwelekezea mwanga. Akafunga mdomo.

"Hebu fungua."

Hakufungua. Alimtazama nyanyake, na nyanyake akatazama kofia aliyokuwa akiishona, kana kwamba gizani lile angeweza kuona hata tundu moja.

"Lilitoka lini?"

"Jumapili," mavyaa akajibu kwa niaba yake.

Siku tatu. Siku tatu mwanangu amekula mbele yangu, nimemsuka nywele, nimemvika buibui lake dogo la chuo cha Kurani, na ana pengo mdomoni, nami sikuliona. Mimi ambaye kazi yangu, kwa maneno ya mhariri wangu, ilikuwa "jicho la Lamu".

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

Akasema kwa sauti ndogo, na sasa pengo likaonekana: "Utaliandika."

Sikumjibu. Nilikaa kwenye ngazi na mtoto wangu ubavuni.

Niseme nilifikaje hapo. Nilianza kuandika mapema 2019, makala moja kila wiki kwa gazeti ambalo halina haja ya kutajwa, maneno mia nane juu ya maisha ya nyumbani katika mji wetu: mkate wa mofa, ugomvi wa mabomba ya maji, punda walioziba njia, harusi za siku nyingi. Nililipwa shilingi 1,500 kwa kila makala. Fedha hizo si za kuchezea. Zimelipa chuo, zimenunua nepi. Na niliipenda kazi, nisiseme uongo. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikitembea Usita wa Mui, njia yetu kuu, nikiwa na bahati ya mtu aliyeokota pochi. Kila baraza lilinipa kitu.

Sikuwahi kukosa wiki hata moja. Alipozaliwa huyu wa mwisho niliandika nikiwa bado sijatoka arubaini, kwa dole gumba la mkono mmoja, mkono wa pili umempakata. Watu walinisifu kwa hilo, nami nikazipokea sifa zile. Leo naona kwamba mtu mmoja angeninyang'anya ile simu angenifaa zaidi.

Kisima kilipoanza kukauka sikukijua. Nilifikiri ni usingizi tu. Nilianza kuchoka kabla ya kuandika badala ya baada ya kuandika. Nikawa nasoma makala za nyuma nikiona zote ni moja, imebadilishwa leso tu. Mume wangu, ambaye ana boti ya abiria ya Mokowe, alikuwa akirudi na kisa cha safarini na kabla hajafika katikati mimi nishapima: maneno mangapi haya, mia tatu? Yatatosha? Kama hayatoshi nilikuwa simsikilizi tena. Na mji nje ya nyumba ulipoacha kunipa, nikageukia ndani, kwa watoto. Mtoto hakatai. Mtoto husema jambo la kuchekesha kila siku bila kudai senti.

Mwezi wa Januari mwaka huo wa 2023 binti yangu alikuwa ameniuliza kama punda wataingia peponi, kwa vile wanabeba mawe na simenti mchana kutwa na hawalipwi. Swali zuri, nikaliandika, na makala ile ilipendwa kuliko zote. Nilichokuwa sikijui ni kwamba ilisomwa darasani kwao. Tangu siku ile wenzake walimwita Bi Punda. Mapumziko walimlilia "hii-ho" kutoka nyuma ya choo. Miezi miwili. Hayo nilielezwa usiku ule ule na mavyaa, taratibu, jambo moja baada ya jingine, kama mtu anayetoa miiba ya samaki.

"Na wewe ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ungemsikiza nani? Ulikuwa unaandika."

Mume wangu alirudi baada ya isha. Jino la mtoto kwetu hurushwa juu ya paa, na binti yangu alikuwa amelihifadhi kidakani akimngoja babake, ambaye siku zile alikuwa akiondoka kabla ya alfajiri na kurudi watoto wamelala. Wakawasha tochi, wakashika ngazi kwenda juu. Nami nikainuka niwafuate.

"Mama wewe usije," binti yangu akasema.

Nikabaki kwenye ngazi. Nilisikia nyayo zao juu, nikasikia babake akihesabu moja, mbili, tatu, kisha mlio mdogo, ting, juu ya mabati ya jirani, na kicheko cha wote wawili. Mpaka leo sijui walisema nini huko juu. Nimeshauliza. Siambiwi.

Simu ilikuwa na asilimia mbili. Nikamwandikia mhariri: "Wiki hii sina makala. Na wiki zijazo pia sina. Nimechoka, naomba radhi." Akajibu kabla simu haijazimika: "Sawa. Pole."

Sawa, pole. Makala zaidi ya 200. Ningependa kusema nilipumua, lakini kusema kweli nilikasirika. Nilitaka anisihi. Ijumaa nikalitafuta gazeti, nikalifungua ukurasa wangu, na mahali pangu palikuwa na tangazo la matangi ya maji, bei nafuu, hadi lita 10,000. Hakuna aliyelalamika isipokuwa muuza kahawa mmoja wa karibu na ngome, na yeye alichotaka kujua ni kama nilikuwa mgonjwa au nimepata kazi ya serikali.

Jirani yangu ni nesi. Nilimwendea nikidhani labda ni damu imepungua. Akanipima, damu iko sawa, akaniuliza maswali ambayo sikuyatarajia: wakati wa kuandika moyo wangu unakuwaje, nikiwaogesha watoto nafikiria nini, mara ya mwisho kucheka ni lini. Akaniambia hali hii ina jina kwa madaktari, burnout kwa Kiingereza, na kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza upya katika orodha yake ya maradhi, ingawa lenyewe halikuiita ugonjwa bali jambo linalotokana na kazi: nguvu zinaisha, mtu anaanza kuichukia kazi yake au kuikaa kando, na anajiona hafanyi la maana. "Wewe umejaza zote tatu," akasema, kama aliyekuwa akisahihisha mtihani. Nilipokwenda kutafuta mwenyewe, nikakuta kuna watafiti wa Ubelgiji, Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak, wanaochunguza uchovu wa ulezi peke yake. Kuna dalili moja wanayoitaja ambayo niliisoma mara mbili: mzazi anaendelea kulisha, kuogesha na kulaza, ila moyo umejitenga na mtoto. Hapo nilikumbuka nywele nilizosuka siku tatu juu ya uso wenye pengo.

Dawa, yule nesi hakunipa. Alisema nilale, na nisijipe kazi nyingine ya kuziba nafasi ya ile.

Ramadhani ikaingia wiki iliyofuata. Kwa kawaida Ramadhani ndiyo iliyonichinja: makala nne juu ya futari huku nikipika futari. Mwaka ule nilipika tu. Kaimati zangu zilikuwa mbovu mwanzoni, ngumu kama golori, maana kwa miaka minne nilikuwa nimezikaanga na jicho moja kwenye simu. Alasiri, watoto wakiwa chuoni na mdogo amelala, nilikuwa naketi na mavyaa kiwandani, ule ua wa ndani ya nyumba. Yeye hushona kofia, zile za mkono zenye vitundu vidogo vidogo, moja humchukua miezi. Nilijaribu kumsaidia mara moja akanipokonya.

Msidhani alikuwa akinipa hekima. Mavyaa wangu si mtu wa kutoa hekima. Ni mtu wa kuuliza chumvi iko wapi. Wala hajawahi kusoma makala yangu hata moja, kwani yeye husoma herufi za Kiarabu, hizi nyingine hazitaki. Lakini siku moja, uzi ukiwa mdomoni, akaanza kughani beti anazozijua tangu utotoni, za Mwana Kupona wa Pate. Kila mwanamke wa kwetu wa umri wake anazo kiasi fulani kifuani. Akakatisha katikati.

"Huyu alikuwa mgonjwa kitandani, akamtungia mwanawe wa kike," akasema. "Wewe u mzima. Wamtungia nani?"

Kisha akaniambia niangalie tui lisimwagike.

Mwana Kupona alitunga mwaka 1858. Nilikuwa nimewahi kuandika juu yake mara mbili, maneno mia nane kila mara, na hizo tarehe nilizijua. Nilichokuwa sijakiona ni kwamba yeye alimwandikia binti yake, na mimi nilimwandika binti yangu. Herufi moja ya Kiswahili, tofauti kama ya Lamu na Mombasa. Tui lilimwagika.

Sikurudi kazini baada ya Idi kama nilivyojiahidi. Nilirudi Agosti, na kwa makala moja kwa mwezi, jambo lililopunguza mapato hata tukauza friji ya pili, ile ya kuuzia barafu. Mhariri alinuna kidogo, kisha akazoea. Matangi ya maji yanamlipa vizuri zaidi. Siandiki tena kwa simu. Nina daftari la kurasa 96, la watoto wa shule, na naliandikia baada ya alfajiri kabla ya mahamri kuingia mafutani. Kuna asubuhi ambapo hapaandikwi neno, nalifunga, nawasha jiko. Uchovu wenyewe haukuondoka kwa pamoja. Ulikuwa kama maji kupwa: unatazama ufukwe huoni kitu kinachosogea, unageuka, ukirudi unakuta mashua zimelala upande kwenye tope. Na bado hunirudia, hasa mihula ikifunguliwa.

Juu ya watoto, nimeweka sharti kwamba anayeandikwa ndiye mwenye idhini. Kifunguamimba alikataa moja kwa moja na amekataa mpaka leo. Mdogo hajui bado anachoulizwa, kwa hiyo jibu lake nalihesabu kuwa hapana, na hapa nimemtaja kwa kilio tu, ambacho mtaa mzima ulikisikia.

Huyu wa kati sasa ana miaka kumi. Nilipomaliza kuandika haya nilimpa daftari asome. Alisoma amelala kifudifudi kwenye mkeka, miguu juu, kalamu nyekundu mkononi kama mwalimu, na alichukua muda mrefu kuliko nilivyopenda. Aliniruhusu punda. Aliniruhusu pengo. Kulikuwa na sentensi mbili juu ya jambo alilomwambia nyanyake usiku ule baada ya stima kurudi. Hizo alizifuta kwa mstari mnene hata karatasi ikatoboka.

"Na malipo?" akauliza.

Tumepatana: boti ya babake mpaka Shela Jumamosi, yeye na mimi tu, viazi karai vya shilingi mia, na simu yangu ibaki nyumbani kidakani.