Kumbukumbu ya mradi: manukuu ya Kiswahili ya Marty (1953)

Marty, mchezo wa televisheni ulioandikwa na Paddy Chayefsky, ilirushwa moja kwa moja na kituo cha NBC kutoka New York tarehe 24 Mei 1953, chini ya uongozaji wa Delbert Mann. Rod Steiger ni Marty, muuza nyama wa Bronx ambaye hajaoa. Nancy Marchand ni Clara, mwalimu anayekutana naye kwenye ukumbi wa dansi. Filamu ya 1955 iliyoigizwa na Ernest Borgnine ni ndefu zaidi, hivyo manukuu yake (maandishi ya tafsiri chini ya picha) hayaoani na mchezo huu.

Wiki ya 1. Kilichobaki ni kineskopu, yaani filamu iliyopigwa kutoka kwenye kioo cha televisheni wakati mchezo ukiendelea. Weupe umekolea mno, kwa hiyo maandishi meupe yanapotea kwenye mashati na kuta. Dawa yake ni ukingo mweusi kuzunguka kila herufi.

Wiki ya 2. Manukuu yalikaa sawa mwanzoni, lakini kufika mwisho yalikuwa yanatangulia sauti kwa sekunde 3 hivi. Sababu: muda ulipimwa kwa fremu (picha moja moja za filamu) 24 kwa sekunde, nakala inakwenda kwa 23.976. Kuchelewesha mistari yote kwa sekunde 3 kunaharibu mwanzo. Kinachotakiwa ni kuzidisha kila muda kwa 1.001, programu ya Subtitle Edit inafanya hivyo kwenye sehemu ya kubadili kasi ya fremu.

Kosa jingine lilijitokeza kwenye onyesho la duka la nyama, katika neno “ng'ombe”. Faili ya UTF-8 (mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi herufi) ikisomwa kwa mfumo mwingine, alama ya king'ong'o iliyopinda hugeuka takataka ya herufi tatu. Tumia alama iliyonyooka, hifadhi kwa UTF-8, kisha tafuta kila “ng'” kabla ya kuendelea.

Wiki ya 3 na ya 4: maneno yenyewe. Kikomo ni herufi 42 kwa mstari, mistari miwili, herufi 17 kwa sekunde. Marty na rafiki yake Angie wanaulizana tena na tena watafanya nini usiku huo. “Leo usiku tufanye nini?” ina herufi 23 pamoja na nafasi, inasomeka kwa sekunde moja na nusu. Usiibadilishe hata mara moja ili kuipamba. Upweke wa vijana hawa umo humo humo, katika swali lile lile lisilo na jibu.

Wateja wanaomsuta Marty kwa kutooa hawana shida: “Unaoa lini?” inatosha, na kila msomaji anajua uchungu wake.

Kazi ngumu ni tusi analotupiwa Clara. Kwa Kiingereza anaitwa mbwa, kwa maana ya mwanamke asiye na sura. “Mbwa” yetu inatukana tabia na utu, si sura, na ni nzito kupita kiasi. “Sura mbaya” nayo ni pole mno. Tumechagua “kinyago”: inalenga sura, ni fupi, na inauma. Lazima ibaki ile ile kote, kwa sababu mwishoni Marty analichukua neno la wenzake na kuwarudishia, kabla ya kwenda kumpigia Clara simu.

Bado: onyesho hilo la mwisho. Steiger anaongea kwa kasi kuliko herufi 17 kwa sekunde, hivyo kila sentensi itapunguzwa, isipokuwa ile yenye “kinyago”.