Nilivyotambua minyoo ya kondoo kwa DNA

"Mwanangu, hawa nimewanywesha dawa ya minyoo, albendazoli, mara mbili na bado wananifia," mama mmoja wa Kajiado aliniambia, akinionyesha kondoo aliyevimba chini ya taya. Nilimfunua ukope wa chini. Ulikuwa mweupe kabisa, dalili ya kupungukiwa damu.

Nilichukua mavi mkunduni kwa glavu, maana yaliyokwisha kuanguka huingiliwa na minyoo ya udongoni. Kwenye hadubini mayai yalijaa, ila ya minyoo ya aina tatu, Haemonchus, Trichostrongylus na Oesophagostomum, yanafanana mno. Kuyalea hadi yawe mabuu huchukua siku 7 hadi 14, na kuwatofautisha mabuu kunataka jicho la mzoefu, jicho ambalo sikuwa nalo. Nikaamua kutumia DNA.

PCR ni njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane kama mstari kwenye jeli. PCR yangu ya kwanza, jeli ilitoka tupu, hata mstari mmoja. Siku mbili nzima nilizilaumu praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) NC1 na NC2, ambazo ni za kutegemewa kabisa kwa ITS-2, kipande cha DNA kinachosaidia kutofautisha spishi za minyoo. Kumbe gamba la yai ni gumu, nami sikulipasua. Tena mavi yana chumvi za nyongo na masalia ya majani yanayoikwamisha PCR. Nikaanza upya: nikayaelesha mayai kwenye maji ya chumvi, nikayaosha mara tatu, nikayaponda kwa shanga ndogo za kioo, nikayalaza usiku kucha na proteinezi K, kimeng'enya kinachosaga protini, kwenye nyuzi 55. Mwisho nikaizimua DNA mara 10. Ukikwama, anza na hilo la kuzimua, kwa sababu vizuizi hupungua pamoja na DNA, na DNA kidogo inatosha.

Nilihitaji pia mnyoo nisiyemtilia shaka wa kulinganishia. Machinjioni nilipasua tumbo la nne la kondoo, nikamwokota jike wa Haemonchus: utumbo mwekundu kwa damu, umezongwa na mirija myeupe ya mayai kama kamba ya rangi mbili.

Kisha praima zinazoshika Haemonchus pekee zilitoa mstari katika kila sampuli, sambamba na wa jike yule.

Sikumwambia mama kuwa dawa imeshindwa. Kujua spishi hakuthibitishi usugu wa minyoo kwa dawa. Huo hupimwa kwa kuhesabu mayai kabla ya dawa na siku 14 baadaye. Nilimwambia, "Mama, huyu ni mnyonya damu, basi ukope utakuonyesha nani anywe dawa." Tukawapima uzito kwanza, kwani dozi alikuwa akiikisia. Siku ya 14 narudi kuhesabu.