Kalamu Iliyofungwa kwa Uzi

Nilipokuwa darasa la tatu kule Busia, mama alinifunga kalamu shingoni. Alichukua uzi mweusi wa kushonea magunia, akauzungusha mara tatu kwenye mwili wa kalamu, akapaka gundi ili usiteleze, akanivisha kama hirizi. "Hii ukiipoteza, mwanangu, ujue umepoteza na shingo." Wiki iliyotangulia nilikuwa nimepoteza kalamu nne, na mwalimu alinichapa kwa kila moja. Ile ya uzi ilidumu mpaka wino ukaisha. Ilikuwa kalamu ya kwanza maishani mwangu kuiona ikiisha. Niliinyanyua juani, nikauona mrija mtupu, nikakimbia nyumbani kumwonyesha mama.

Sasa nina miaka 38. Naishi Jinja, naandika hadithi za kubuni kwa Kiswahili nilichonyonya kwa mama, aliyetoka Tanga akaolewa Busia, na miaka minne iliyopita daktari wa magonjwa ya akili kule Kampala aliniambia kuwa nina ADHD, hali ya ubongo inayofanya umakini uwe mgumu kuuongoza.

Nilikwenda kwake nikidhani ni uchovu. Akaniuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza bila hasira. Unapoteza vitu unavyovihitaji kila siku? Unaanza kazi na kuiacha katikati? Mtu akizungumza nawe, akili huondoka mwili ukabaki umekaa? Akanieleza kwamba kwa mtu mzima hutafutwa dalili zisizopungua tano katika kundi moja, la kutozingatia au la kutotulia, kwa mtoto sita, na kwamba baadhi yake lazima ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12. Akataka ushahidi wa utotoni. Nikampigia mama simu palepale, nikaweka spika. Mama hakuchukua hata muda wa kufikiri: "Daktari, huyu nilimfunga kalamu shingoni."

Nililia njia nzima hadi paki ya taksi. Ripoti zangu zote za shule ziliandikwa maneno yaleyale, kwamba ninao uwezo ila sijitumi. Kumbe nilikuwa najituma kuliko watoto wengi wa darasa lile, na jitihada zote ziliishia katika kukaa tu na kusikiliza. Mtoto anayepanda juu ya dawati huonekana mapema. Mimi nilikuwa msichana mtulivu wa dirishani. Vurugu yangu ilikuwa ndani, na wasichana wengi wa aina yangu hupitwa hivyohivyo hadi utu uzima.

Watu hufikiri nimekosa umakini. Umakini ninao tele. Kinachonishinda ni kuuamuru uende wapi na uondoke saa ngapi. Mwezi uliopita niliinuka mezani kwa dakika mbili tu, nikitaka kuhakikisha jina la samaki mmoja kwa ajili ya riwaya yangu, inayohusu mwanamke muuza mukene, dagaa wa huku, kwenye mwalo wa Masese. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimejua mengi kuhusu sangara, mputa kama tunavyomwita huku, jinsi alivyoingizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na jinsi alivyowamaliza wengi wa samaki wadogo wa asili. Maharage yalikuwa mkaa. Sura niliyokuwa naiandika haikuwa imeongezeka hata neno moja.

Halafu kuna ile kumbukumbu fupi, inayomshikia mtu jambo wakati analifanya. Kwangu ni kama kiganja chenye vidole vilivyoachana. Sentensi huja nikiwa jikoni, nzuri, imekamilika, na kati ya jikoni na meza, hatua tisa, imekwisha kumwagika. Ndiyo maana kila chumba cha nyumba yangu kina karatasi na kalamu, mpaka chooni. Simu hainisaidii kwa hili. Nikiifungua ili niandike sentensi moja, hunipokea na ujumbe wa watu saba, na sentensi huondoka bila kuaga. Karatasi haina mlango mwingine wa kutokea.

Basi watu wakinikuta nimesimama saa nzima mbele ya rafu ya madaftari, waniache. Pale nachagua kitu kitakachobeba sehemu ya akili yangu.

Kalamu ninayoitegemea zaidi ni Bic ya kawaida, ile ya plastiki angavu iliyoanza kuuzwa Ufaransa mwaka 1950. Ina pembe sita, kwa hiyo haibingiriki ikaanguka chini ya meza, na kitu kikishaanguka chini ya meza, kwangu mimi hakipo tena. Mimi hutafuna vifuniko nikifikiri, na lile tundu dogo la juu, lililowekwa kuanzia 1991, lipo ili mtu akikwamwa na kifuniko kooni pumzi iendelee kupita. Nimeshukuru mara nyingi kwamba kuna mtu alikaa akawawaza watafunaji. Lakini ninachokipenda zaidi ni mrija kuonekana. Mimi sihisi wakati. Dakika kumi na saa tatu zina uzito mmoja mwilini mwangu. Wino, hata hivyo, nauona. Kila Jumapili jioni nabandika kipande chembamba cha selotepu kwenye kalamu, pale wino ulipofikia, na Jumapili inayofuata nakitazama tena. Sentimita mbili zimeshuka. Hiyo ni wiki yangu, naishika mkononi.

Nina kalamu nyingine, Lamy Safari ya njano ya kujaza wino wa maji, zawadi ya shangazi. Hiyo ni ya kusahihishia, kwa sababu inanilazimisha niende polepole. Shida yake ni karatasi. Wino wa Bic ni mzito wenye mafuta, hukaa juu ya karatasi yoyote utakayoupa. Wino wa maji hutaka karatasi iliyotiwa wanga wa kutosha kiwandani. Bila huo, nyuzi zinaunywa, mstari unaota manyoya, na upande wa pili wa ukurasa unakuwa umeharibika.

Nayajua haya kwa kuyapima dukani kwa Hajati.

Duka lake liko barazani, Main Street, katika moja ya yale majengo waliyoyajenga wafanyabiashara Wahindi, wengi wao wakayaacha walipofukuzwa mwaka 1972. Inua macho barabara ile yote utaona miaka ya ujenzi imeandikwa kwa saruji juu ya madirisha. Hajati ni Mnubi wa Bombo. Anauza madaftari ya shule, bahasha, gundi, rula, na kwenye kona moja anatoa fotokopi. Nikimwamkia "Asalaam aleikum, Hajati," ananiitikia kisha ananisogezea kitu bila kuuliza. "Zimeingia za karatasi nzito, mwanangu. Njoo uguse."

Naifungua katikati. Kaunta buku nzuri, daftari nene la kwaya tatu, yaani kurasa 288, ina mgongo wa kitambaa chekundu na jalada gumu ambalo ukilibofya kwa kidole gumba halibonyei. Nainusa gundi. Napitisha kucha kwenye mstari wa kwanza nisikie kama karatasi ni laini au ina chembechembe. Hajati ana nakala moja aliyoitoa sadaka kwa wateja wa kujaribia, kurasa zake zimejaa saini za watu na hesabu za watoto. Naandika humo neno "Masese" kwa Lamy, nahesabu hadi kumi, nafuta kwa kidole, nageuza ukurasa. Kama mgongoni mwa neno hakuna doa, nalipa. Mwezi wa pili, shule zinapofunguliwa, siendi kabisa, maana wazazi wanakuwa wamejaa mpaka barabarani na kelele zinanivuruga siku nzima.

Tatizo langu kubwa la uandishi liko katikati ya kitabu. Watafiti wanaihusisha ADHD na namna ubongo unavyotumia kemikali zake za dopamini na noradrenalini, na mimi nayaona mambo hayo kwenye rafu yangu kama yalivyo: madaftari kumi na moja, kila moja na kurasa ishirini motomoto mwanzoni na nyeupe zilizobaki. Kitu kipya kinaniwasha. Sura ya tano, ambayo nimekwisha kujua inakoelekea, hainiwashi, hata kama naipenda na hata kama usiku nalala nikiiwaza. Nimeitwa mvivu kwa hilo na watu ninaowaheshimu. Uvivu una starehe yake. Kukaa mbele ya sura unayoitaka kwa moyo wote na mkono usinyanyuke, hakuna starehe hapo.

Dawa ni suala langu na daktari wangu, sitaliandika hapa. Haya mengine ni yangu.

Kwanza, kila tukio la riwaya liko kwenye kadi. Sinunui kadi. Nikienda Kampala napita Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa, ambako mashine za kukatia karatasi zinashinda zikivuma na chini yake kuna mabaki ya manila ya kila rangi. Kijana mmoja pale ananikatia mabaki hayo kwa ukubwa wa kiganja, ananifungia kwa raba, nampa chochote. Nyumbani nimetandaza kamba ya nguo ukutani kutoka dirishani hadi mlangoni, na kadi zinaning'inia kwa vibanio. Kilichomo kwenye droo kwangu kimekufa. Kilichoko kwenye kamba nakiona nikipita na kikombe cha chai, na mara nyingi ni wakati huo, nimesimama na chai, ndipo naona kwamba kadi ya kijani ya mazishi inatakiwa itangulie ile nyekundu ya ugomvi. Nazibadilisha. Stima ikikatika nawasha taa ya betri naendelea, karatasi haijui.

Pili, kaunta buku moja kwa riwaya moja, na haitoki nyumbani ovyo. Hili nilijifunza kwa maumivu. Mwaka juzi niliteremka kwenye taksi kutoka Kampala nikiwa na mfuko wa nyanya, mwavuli, na mkono mmoja mtupu. Sura tatu, ya tisa hadi ya kumi na moja, ziliendelea na safari kuelekea Iganga. Nilirudi stendi siku nne mfululizo. Sikuzipata. Niliziandika upya kwa muda wa miezi miwili na bado kuna mazungumzo fulani ya mama na bintiye, kandokando ya mitumbwi, ambayo najua yalikuwa bora kuliko haya yaliyomo sasa. Tangu hapo namba yangu ya simu iko ukurasa wa kwanza, kila usiku napiga picha kurasa za siku hiyo, na kalamu imefungwa kwenye mgongo wa kaunta buku kwa uzi mweusi wa magunia. Mama aliniletea kibunda kizima alipokuja Idi.

La tatu ni Hajati mwenyewe.

Nilipokuwa naishi Kampala nilikuwa nakwenda Jumatatu jioni FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanzishwa mwaka 1995, pale Kamwokya, ambako watu husomeana kazi zao. Nilijua tangu wakati huo kwamba mwili wa mtu mwingine ukiwa karibu, naye ana shughuli zake, mkono wangu unanyanyuka. Jinja sikuwa na kundi. Siku moja nikamweleza Hajati habari za ubongo wangu, zote, barazani pale, wateja wakipita. Alisikiliza huku akipanga bahasha. Akasema, "Basi hizi kalamu za rangi usizichukue. Ziache kwangu." Akaingiza paketi yangu chini ya kaunta, akaandika jina langu kwa herufi kubwa. Tukakubaliana: kurasa ishirini, kalamu moja ya rangi mpya. Sura inayofuata naiandika kwa rangi hiyo. Kitabu ni kilekile, ila macho yangu yanapata kitu kipya cha kukimbilia.

Hasomi. Anahesabu tu, kwa kidole alichokilowesha ulimini, ukurasa mmoja mmoja, akinong'ona namba.

Jana nilimpelekea sura ya kumi na nne. Alihesabu, akarudi nyuma, akahesabu tena.

"Kumi na saba."

"Hajati, zile tatu ninazo kichwani."

"Kichwani sipajui mimi." Akavuta benchi kwa mguu, akalisogeza kwenye kivuli cha nguzo, akaniwekea kaunta buku juu ya boksi la karatasi za fotokopi. Kisha akaenda kumhudumia mwanafunzi aliyetaka rula.

Nilikaa. Boda zilikuwa zinapita, fotokopi ilikuwa inavuma nyuma yangu. Muuza mukene wangu alikuwa amesimama majini hadi magotini tangu wiki iliyopita, akisubiri mtumbwi, nami nilikuwa sijui atamwambia nini mwanaume aliyemo. Niliandika kwamba hakusema neno, aliinua ndoo tu akamkabidhi. Baada ya hapo yakaja mengine. Hajati aliniletea chai ya tangawizi, akaiweka mbali kidogo na kitabu, kwa sababu ananijua. Adhana ya alasiri ilipoanza nilikuwa mstari wa mwisho wa ukurasa wa ishirini. Alihesabu zile tatu, akainama chini ya kaunta, akanipa ya zambarau.