Alama Kwanza, Spana Baadaye: Kubadilisha Senta Beringi ya Propela

Lilikuwa pikapu kuukuu la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, propela yake (shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi nyuma) vipande viwili, na mwenyewe alilileta akiamini difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, imekwisha. Gari likianza kuondoka, sakafu ilitetemeka. Mtetemo ukatulia, kisha ukarudi na ngurumo kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa. Ule mtetemo wa kuondoka ndio uliotutoa kwenye difu. Difu iliyochoka huvuma gari likiwa mwendoni, na mvumo hubadilika unapokanyaga na kuachia mafuta. Senta beringi, ile inayoibeba propela katikati ikiwa ndani ya mpira, ikichanika mpira wake husumbua pale nguvu inapoingia, maana propela inapata nafasi ya kuruka.

Tulizuia magurudumu ya mbele, tukainua nyuma kwenye stendi, gia huru. Fundi mkuu aliisukuma propela juu karibu na beringi: ilipanda bila shida, mpira umeachana na chuma nusu ya duara. Alipoizungusha polepole, nilisikia mkwaruzo kama wa mchanga. Kisha akashika flanji ya difu, ile sahani inayofungiwa propela kwa bolti, kwa mkono mmoja na shafti kwa mwingine, akavisokota kinyume. Krosi ya nyuma, kiungo cha umbo la msalaba kinachoiruhusu propela kupinda, ilicheza, na vikombe vyake vilikuwa na unga mwekundu wa kutu: grisi imekauka, sindano (vyuma vyembamba vinavyobingirika ndani ya vikombe) zinasagana. Beringi mpya juu ya krosi kama hiyo ingetikiswa mpaka ife nayo.

Niliponyoosha mkono kuchukua spana, akanizuia. "Alama kwanza, mwanangu. Spana baadaye."

Tulichora mistari ya rangi nyeupe kwenye flanji ya difu, kwenye maungio ya shafti mbili, na kati ya flanji ya katikati na meno ya shafti yake. Krosi iliyopinda haipitishi mwendo ulio sawa: katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili, na krosi ya upande wa pili ndiyo inayofuta kosa hilo. Uma za shafti, zile zinazoshika krosi, zikihama kwenye mpangilio wake, makosa hujumlishana badala ya kufutana. Tena propela nyingi husawazishwa uzito zikiwa zimeunganishwa. Ukikosea hata jino moja, utashusha gari lenye beringi mpya na mtetemo mpya.

Propela ilipochomoka giaboksi tuliziba tundu kwa mfuko wa plastiki, oili isimwagike. Sili ya hapo, pete inayozuia oili isitoke, ilikuwa inavuja, na oili ilikuwa ikirushwa nyuma hadi kwenye mpira wa beringi, ukavimba na kulainika. Ndicho kilichouua. Sili nayo tukaibadilisha.

Nati ya flanji ya katikati ilikuwa imebonyezwa ukingo ndani ya mfereji wa shafti. Ukingo huo uinuliwe kwa tindo kabla ya kufungua. Ukilazimisha, unararua nyuzi. Flanji hutoka kwa pula, kifaa cha kuivuta. Kuigonga shafti kichwani kunatanua nyuzi zake, na nati haitapanda tena. Beringi ya zamani ilipotoka, tulisafisha kikao chake kwenye shafti kwa msasa laini na kukipapasa kwa kidole. Kikao chenye mfereji maana yake beringi ilikuwa ikizunguka juu ya shafti, na hapo beringi mpya haishiki.

Tuliilaza mpya kando ya kuukuu tupate upande wake, kisha tukaiingiza kwa bomba linalogusa pete ya ndani tu. Ukipiga pete ya nje, pigo hupitia kwenye gololi na kutoboa vishimo kwenye njia yake, nayo itaunguruma tangu siku ya kwanza. Kitabu cha gari lile kilitaka nati mpya ikazwe nyutoni-mita 181 ili kuvuta beringi mpaka kikaoni, ilegezwe, kisha ikazwe 69 na kubonyezwa ukingo. Wengi huacha kwenye ule mkazo wa kwanza.

Kwenye krosi, grisi nzito ndiyo inayoshikilia sindano ukutani mwa kikombe. Klipu ikikataa kuingia kwenye mfereji wake, usiongeze nyundo. Karibu kila mara sindano moja imeanguka na kulala chini ya kikombe.

Bolti za mabano ya beringi tulizishika kwa vidole tu, washa zake zikirudi zilipokuwa, kwa sababu ndizo zinazopanga pembe ya propela. Flanji zilipokazwa kwa kufuata alama, tulishusha gari likakaa kwa uzito wake. Ekseli inayoning'inia huvuta propela mahali isipokaa. Tukalisukuma mbele na nyuma, beringi ikapata mahali pake, mabano yakasimama wima kwa shafti. Hapo tukakaza bolti za mabano nyutoni-mita 36.

Tukajazia oili ya giaboksi hadi ukingo wa tundu la kujazia, tukatoka barabarani. Sakafu ilitulia kwenye kuondoka, na kwenye kilomita 70 kwa saa pia. Tuliporudi tulizipitia tena bolti za flanji kwa spana, na mwenye gari akaelekezwa alirudishe zikaguliwe baada ya kilomita mia chache.