Kuitambua prosesa na kutaja kosa linaloua programu: uzoefu wangu na maktaba ya usimbaji fiche

Programu ya usimbaji fiche ikiishi kwenye kompyuta za aina moja, mambo huwa mepesi. Huku kwetu mashine ni za kila namna. Chama cha akiba na mikopo ninachokitunzia mfumo kina matawi kadhaa Nyanda za Juu Kusini. Tawi moja lina Raspberry Pi 5 (kompyuta ndogo ya bodi moja), jingine Raspberry Pi 4, na mengine yana kompyuta za mezani za mtumba kutoka Kariakoo, ambazo baadhi yake bado ni Core 2 Duo. Kila jioni mashine hizo husimba taarifa za wanachama kwa AES, njia sanifu ya kuzificha ili zisomwe na mwenye ufunguo tu, na kuzituma makao makuu. Ndani ya taarifa hizo mna akiba za watu, mikopo yao na namba zao za simu, kwa hiyo sikuwa tayari kuona kazi hiyo inafanywa nusunusu.

Programu niliirithi kutoka kwa mkandarasi aliyemaliza mkataba wake. Kwenye Pi 5 ilikwenda vizuri. Kwenye Pi 4 ilikufa mara tu ilipowashwa, ikaacha maneno mawili kwenye skrini: "Illegal instruction". Mhasibu wa tawi akanipigia: "Kaka, imeandika Kiingereza kidogo halafu imenyamaza." Hakuwa na cha kuongeza, na mimi sikuwa na cha kumuuliza.

Nilipofika niliiendesha chini ya gdb, chombo cha kutafutia makosa ya programu, na kuangalia amri iliyoigomesha prosesa. Ilikuwa hii: `aese v0.16b, v1.16b`. Ni amri ya ARM inayofanya sehemu ya raundi ya AES ndani ya prosesa yenyewe. Nikafungua `/proc/cpuinfo`, faili ambamo Linux huorodhesha sifa za prosesa. Mstari wa sifa wa Pi 4 ulisomeka `fp asimd evtstrm crc32 cpuid`, basi. Wa Pi 5 ni mrefu zaidi, na ndani yake mna `aes`, `pmull`, `sha1`, `sha2` na `atomics`. Zote mbili ni ARM za biti 64, na kadi moja ya mfumo huziwasha zote mbili. Tofauti ni kwamba chipu ya BCM2711 iliyo kwenye Pi 4 haina nyongeza za usimbaji, na BCM2712 ya Pi 5 inazo.

Kumbe programu ilikompailiwa (iligeuzwa kutoka msimbo kuwa amri za mashine) kwenye Pi 5 kwa `-mcpu=native`, yaani kwa kulenga prosesa ya mashine hiyohiyo, na ndani ya msimbo uchaguzi wa kutumia AES ya prosesa ulifanywa na `#ifdef`. Maana yake ni kwamba uamuzi ulishapitishwa siku ya kukompaili, kwenye mashine nyingine kabisa. Na hata ningeiondoa AES peke yake, kompaila ilikuwa imeshatawanya amri za `atomics` sehemu nyingine za programu, na Pi 4 ingekufa hatua chache mbele.

Nikaanza upya na mpangilio wa maktaba ya usimbaji, yaani fungu la msimbo ambalo programu huliita kusimba. Programu nzima sasa inakompailiwa kwa ARMv8 ya kawaida, bila nyongeza yoyote. Faili moja tu, lile lenye amri za AES, ndilo linalopewa ruhusa ya `+crypto`, na hakuna anayeliita kabla prosesa haijaulizwa. Faili hilo nililitenga makusudi na sikuweka kitu kingine ndani yake, kwa sababu kompaila ikishapewa ruhusa inaweza kuzitumia amri hizo popote inapoona zinafaa, hata kwenye kazi isiyohusu usimbaji.

Kuuliza kwenyewe, upande wa ARM, ni kwa `getauxval(AT_HWCAP)`. Kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, ndiyo inayoijua prosesa, nayo huipa kila programu orodha ya sifa pale inapoanza. Kwenye Linux ya biti 64, biti ya 3 ni AES na biti ya 4 ni PMULL, ile inayoharakisha GCM, namna ya kuitumia AES ambayo pia huweka muhuri wa kuthibitisha data. Hapa pana mtego ambao ni lazima niutaje: ukiwa kwenye mfumo wa biti 32, sifa hizohizo haziko kwenye `AT_HWCAP`. Ziko kwenye `AT_HWCAP2`, na namba za biti ni nyingine, AES ikiwa biti ya 0. Msimbo ulionakiliwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine utakompailiwa bila malalamiko yoyote na kutoa jibu la uongo.

Kuna njia ya zamani ambayo niliiona kwenye maktaba kubwa, ikiwemo OpenSSL: unatega mshikaji wa ishara ya SIGILL, ile inayotumwa prosesa ikikutana na amri isiyoijua, unaijaribu amri yenyewe, ikigoma unajua haipo. Niliikataa. Ishara ni mali ya programu nzima, na maktaba haina haki ya kuzichezea wakati nyuzi nyingine (kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu) zinaendelea na kazi. Tena mtu akiiendesha programu chini ya gdb atasimamishwa kwenye SIGILL ambayo si kosa, na atapoteza muda kuitafuta sababu.

Kwenye kompyuta za Intel na AMD kazi inafanywa na amri ya CPUID. Unaiita kwa namba 1, unasoma rejista (hifadhi ndogo ndani ya prosesa) ya ECX: biti ya 25 ni AES-NI, yaani amri za AES za Intel, biti ya 1 ni PCLMULQDQ, mwenza wa PMULL. Intel ilianza kuuza prosesa zenye AES-NI mwaka 2010, kwa hiyo Core 2 Duo zetu haziwezi kuwa nayo. Kwa AVX, amri zinazoshughulikia data nyingi kwa mkupuo, pana nyongeza: biti ya 28 ikiwa imewashwa haitoshi. Lazima pia uone biti ya 27, OSXSAVE, kisha uite XGETBV na kuhakikisha biti za 1 na 2 za XCR0 zimewashwa, yaani mfumo wa uendeshaji umekubali kuzitunza rejista hizo kila unapobadilisha kazi. Prosesa inaweza kuwa na uwezo ambao mfumo wake hauutambui.

Kukosa AES ndani ya prosesa si kosa. Hapo nilikuwa mkali tangu mwanzo. Mashine isiyo nayo inapita njia ya kawaida, na njia hiyo nayo lazima iwe salama. AES ya majedwali, ile inayofundishwa vyuoni, huvujisha ufunguo kupitia muda wa kusoma kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa. Daniel Bernstein alilionyesha jambo hilo mwaka 2005. Kwa hiyo nilichukua utekelezaji unaopanga data biti kwa biti na kutumia muda uleule bila kujali ufunguo ni upi. Ni wa polepole, ila taarifa za tawi kwa siku ni kidogo. Ingekuwa mfumo unaanza leo bila mafaili ya zamani, kwenye Pi 4 ningetumia ChaCha20-Poly1305, njia nyingine ya usimbaji ambayo haihitaji msaada wowote wa prosesa.

Sasa makosa ya kufisha, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayopuuzwa zaidi.

Niliyagawa makosa kwa swali moja: je, maktaba bado inaweza kuaminiwa? Faili likifika limeharibika na muhuri wake haulingani, maktaba iko sawa, faili ndilo bovu. Hapo inarudisha namba ya kosa na programu inaendelea. Lakini `getrandom` ikikataa kutoa namba nasibu, au AES ikitoa jibu lisilo sahihi kwenye jaribio, hakuna cha kurudisha. Mwandishi wa programu anaweza kusahau kuisoma namba ya kosa, na taarifa za wanachama zikaondoka zimesimbwa kwa ufunguo wa sifuri tupu. Hapo maktaba inasimamisha kila kitu.

Jaribio lenyewe ni la wazi. Kiwango cha FIPS 197 cha mwaka 2001, waraka rasmi unaoielezea AES, kina mfano uliokokotolewa: ufunguo 000102 hadi 0f, maandishi 00112233 hadi eeff, na jibu lazima liwe `69c4e0d86a7b0430d8cdb78070b4c55a`. Njia iliyochaguliwa hupimwa kwa mfano huo programu inapoanza, na tena kabla ya kila shehena kutumwa.

Kuhusu namna ya kufa, nilijifunza kwa kuusoma msimbo wa libgcrypt, maktaba nyingine ya usimbaji. Inamruhusu mwenye programu kusajili mshikaji wake wa makosa ya kufisha, lakini mshikaji huyo akirudi, maktaba haiendelei: inaandika ujumbe, inaifuta kumbukumbu yenye siri, kisha inaita `abort`, yaani inaiua programu. Nimefuata mpangilio huohuo. Ujumbe unaandikwa kwa `write` moja kwa moja, si kwa `printf`, kwa sababu wakati huo huwezi kujua kama kumbukumbu bado ni nzima. Funguo zinafutwa kwa `explicit_bzero`, ambayo kompaila haithubutu kuiondoa. Na tangu mwanzo wa programu nimeweka `RLIMIT_CORE` kuwa sifuri pamoja na `PR_SET_DUMPABLE`, ili `abort` isimwage picha ya kumbukumbu nzima kwenye diski.

Ujumbe niliuandika kwa Kiswahili, kwa ajili ya anayekaa mbele ya mashine:

KOSA K-04: jaribio la AES limeshindwa. Taarifa HAZIJATUMWA. Mpigie fundi umsomee mstari wa chini.
njia: kawaida | prosesa: ssse3 | toleo 2.3

Mstari wa juu ni wa mhasibu, wa chini ni wangu. Hakuna ufunguo, hakuna jina la mwanachama, hakuna hata anwani ya kumbukumbu. Njia iliyochaguliwa na sifa zilizoonekana (hapo `ssse3`, fungu la amri za Intel) zipo kila wakati, kwa sababu ndivyo vitu viwili ninavyovihitaji kwanza. Niliongeza pia uwezo wa kuizima sifa fulani kupitia faili la mipangilio, ili fundi aweze kulinganisha njia mbili kwenye mashine moja. Faili hilo linaweza kuzima tu. Kuwasha sifa ambayo prosesa haikuitaja haliwezi.

Pi 4 inafanya kazi tangu hapo. Baadaye mhasibu wa tawi lenye Core 2 Duo alinipigia: "Kaka, ni K-04, njia kawaida, prosesa ssse3." Nikamwambia, "Asante dada, usiiwashe tena, kesho niko hapo." Njia ya kawaida haitegemei amri yoyote ya pekee, kwa hiyo nilishuku RAM, na kabla sijapanda gari nilishajua nichukue nini. Memtest86+, programu ya kupima RAM, ilionyesha makosa kwenye kijiti kimoja cha RAM, muda mfupi tu baada ya kuanza. Nikakibadilisha, jaribio likapita, na shehena ya jana yake ikaondoka mchana huo pamoja na ya siku hiyo.