Jina Lake Nani?

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Wiki hii sitajifanya nimeshinda kwenye Neno. Nimeshinda kwenye simu. Dirisha la usajili liko wazi, na kila jioni Mbeya City yetu inatangaza mchezaji mpya, kashika jezi ya zambarau, anatabasamu. Safari hii si wa kuokoteza. Ni nyota.

Wanaonijua watanisamehe. Nilikuwepo uwanja wa Sokoine msimu wa 2013/14, tulipopanda Ligi Kuu na kumaliza wa tatu, nyuma ya Azam na Yanga, Simba wakitufuata kwa nyuma. Nilikuwepo pia 2023 Mashujaa ya Kigoma ilipotushusha. Nilirudi hadi Mwanjelwa kwa miguu, sitaki salamu ya mtu. Mwaka 2025 tukapanda tena. Kwa hiyo likitajwa jina kubwa, na mvi zangu hizi, naruka.

Sasa Jumatano usiku, baridi ya Julai inauma, niko ndani ya blanketi namsomea mama watoto orodha nzima. Huyu beki wa kushoto. Huyu kiungo, mguu wake wa kulia ni mzito. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza taratibu: "Na yule mama aliyeokoka Jumapili, jina lake nani, baba?"

Nilinyamaza. Mimi mzee wa kanisa, niliyemshika mkono mwenyewe pale mlangoni! Ndala zake nazikumbuka, zina udongo wa shambani. Mtoto mgongoni namkumbuka, kofia ya sufu imemfunika hadi machoni. Jina sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kuwasha simu.

Na nisijiseme peke yangu. Mwezi uliopita alipohamia kwetu ndugu mmoja mwenye gari (yeye hana kosa), alipewa kiti cha mbele, na kamati ya ujenzi ikamzunguka kabla hajamaliza chai. Hiyo sura ya pili ya Yakobo, inayokataza kumpendelea tajiri, tumeisoma mara ngapi? Tunaihubiri kwa sauti, halafu tunasajili. Tunatafuta nyota wa kutumalizia bati, na anayekuja na ndala anakaa benchi la mlangoni, upepo unapoingilia. Luka 15 inasema mbinguni kuna furaha kwa mwenye dhambi mmoja atubuye. Mmoja! Jumapili ile malaika walikuwa wanashangilia, na mimi mshika mlango sikujua hata wanamshangilia nani.

Paulo naye ana neno kuhusu viungo vinavyodhaniwa vinyonge, lakini hilo tuliweke kwa siku nyingine, maana bado sijamalizana na hili.

Timu shangilieni, wapendwa, mimi siachi. Ila wiki hii mtafute aliyejiunga nasi karibuni. Muulize anakaa wapi, biashara inaendaje, mtoto kifua kimepona? Usimpelekee bahasha ya michango. Mpelekee salamu.

Jana alfajiri nilishuka sokoni, upande wa viazi. Nikamkuta ameinama anajaza sado, mtoto kalala juu ya magunia. Nikamwambia, mama, nimekuja kuuliza jina lako, Jumapili nilisahau. Akajifuta mikono kwenye kitenge, akacheka.

"Mzee," akasema, "mimi lako nililiuliza siku ileile."