Joto la 2.27 na gridi iliyogoma kutulia

Wiki nzima nimekuwa nakimbiza simulesheni ya modeli ya Ising, na nataka niandike kabla sijasahau, maana kuna kitu nilidhani ni kosa kwenye kodi yangu kumbe ndo fizikia yenyewe.

Kwa ambaye hajakutana nayo: chora gridi kama daftari la hesabu, kila kiboksi kina kisumaku kinachoelekea juu au chini, basi. Kila kisumaku kinataka kufanana na majirani zake wanne, joto nalo linavivuruga. Lenz ndo aliitoa mwaka 1920 akampa mwanafunzi wake Ernst Ising, Ising akafungua ile ya mstari mmoja akakuta haiwi sumaku kwenye joto lolote juu ya sifuri kamili (baridi ya mwisho kabisa), akadhani na ya gridi itakuwa hivyohivyo. Haikuwa. Na sababu yake naipenda sana, yaani kwenye mstari ukikata mahali pamoja ukageuza vyote vinavyofuata, gharama ya nishati ni ileile iwe umegeuza kumi au milioni, kwa hiyo joto linakata popote. Kwenye gridi ukitaka kugeuza kisiwa lazima ulipie mpaka wake wote, kisiwa kikikua mpaka unarefuka na gharama inapanda. Peierls alilionyesha hilo 1936, halafu 1944 Onsager akaleta hesabu kamili: mgeuko, yaani pale gridi inapoacha kuwa sumaku, unatokea kwenye joto la 2.269, siyo nyuzi, ukipima kwa nguvu ya mvutano wa majirani.

Sasa mimi niliweka gridi ya 100 kwa 100. Visumaku 10,000, na idadi ya mipangilio inayowezekana ni namba yenye tarakimu 3,011, hakuna kompyuta itakayoipitia yote. Ndo maana tunatumia njia ya Metropolis ya 1953 (kodi ya kwanza kwenye mashine ya MANIAC aliiandika Arianna Rosenbluth, na inaniuma kwamba jina lake watu hawalitaji). Unachagua kisumaku kimoja kwa nasibu, unauliza kikigeuka nishati itashuka au itapanda, ikishuka geuza, ikipanda usikatae hapohapo, acha namba nasibu iamue. Pale kwenye 2.27, kisumaku kilichokubaliana na majirani wote wanne kinageuka kama mara 3 kwa majaribio 100.

Kwenye joto la 1.5 mambo safi, karibu vyote upande mmoja. Kwenye 4, vurugu tupu. Nikaja 2.27 na hapo ndo shida ilianza, mara usumaku (wastani wa visumaku vyote, 1 ni vyote juu, -1 ni vyote chini) 0.7, narudia napata 0.4, narudia tena uko hasi, nikakagua kodi mstari kwa mstari siku mbili, nikabadilisha mpaka kitengeneza namba nasibu, wapi.

Kumbe kwenye joto lile visiwa vinakuwepo vya kila saizi, vidogo ndani ya vikubwa, mpaka vinavyolingana na gridi nzima, na mimi nageuza kisumaku kimoja kimoja. Kisiwa kikubwa utakigeuza lini kwa mwendo huo? Ukiongeza upande wa gridi mara mbili, mizunguko (mzunguko mmoja ni kujaribu mara nyingi kama idadi ya visumaku) ya kusubiri mpaka gridi isahau ilivyokuwa inaongezeka kama mara nne na nusu, na kila mzunguko wenyewe una kazi mara nne, kwa hiyo jumla ni kama mara 18. Mizunguko yangu ilikuwa michache mno, nilikuwa napiga picha za gridi ileile nikiziita vipimo tofauti.

Dawa ni njia ya Wolff ya 1989. Unaanza na kisumaku kimoja, unaunganisha majirani wanaofanana nacho kwa uwezekano wa 0.586 (kwenye joto lile lile), na majirani wa majirani, kisha unageuza kundi lote kwa mpigo. Namba zikatulia jioni hiyohiyo. Nilifurahi mno.

Sasa nimeanza ya pande tatu (urefu, upana na kina), ambayo hakuna aliyewahi kupata hesabu yake kamili mpaka leo, mgeuko wake uko karibu na 4.51. Natafuta jinsi usumaku unavyozimika pale karibu na mgeuko, kipeo chake (namba inayosema unazimika kwa namna gani joto likikaribia mgeuko) ni kama 0.326, kwa sababu maji kwenye nyuzi 374, pale tofauti ya kimiminika na mvuke inapopotea, yanafuata kipeo hichohicho. Maji hayana visumaku wala gridi! Leo usiku naiacha kompyuta ikimbie mpaka asubuhi na gridi ya 64 kila upande.